Eti Walikubaliana? Jaboya, Boti na Neno "Ndiyo"

Kila mara stori ya jaboya ikizuka hapa Kisumu, iwe ni ndani ya matatu ya Kondele ama pale Dunga watu wakingoja samaki akaangwe, lazima atokee msee mmoja wa kufunga mjadala. Ataegemea kiti, atachokonoa meno na kijiti, halafu atasema: "Lakini kwani walilazimishwa? Hao ni watu wazima. Walikubaliana." Na meza nzima inanyamaza, maana jibu hilo linasikika kama lina akili.

Leo nataka tukae nalo kidogo kabla hujaitikia kwa kichwa. Si jibu la kijinga. Lina historia ndefu, na kuna watu walifungwa na wengine wakatoroka nchi zao kwa kulitetea. Lakini kuna mahali linapasuka, na mahali penyewe ni ufuoni, saa kumi na mbili asubuhi.

Kama jina jaboya ni geni kwako, basi wewe si wa huku, karibu. Mambo ni hivi. Mwanamke anayenunua samaki ili akauze anatakiwa kumpa mvuvi zaidi ya pesa. Anampa mwili wake ndipo ahakikishiwe samaki. Na mara nyingi pesa bado analipa. Hapo ndipo wengi wanapotea: wanadhani ngono ndiyo bei ya samaki. Hapana. Ngono inanunua nafasi kwenye foleni.

Na kwa nini foleni iwe na thamani hivyo? Chukua omena. Omena huvuliwa usiku, boti zikiwa na taa za kuwavuta hao samaki wadogo. Kukipambazuka zinarudi, na kuanzia hapo saa inahesabu. Omena hazikai. Lazima zianikwe juani siku hiyo hiyo, na mvua ikinyesha imekula kwako. Mathe anayepata karai la kwanza anawahi jua lote. Anayepata la mwisho anapata jua la jioni, omena zinageuka rangi, na anauza kwa bei ya chakula cha kuku. Tofauti kati ya hao wawili ni masaa matatu tu, lakini ndani ya hayo masaa matatu kuna karo, kodi ya nyumba na ile pesa ya chama ya Jumamosi.

Sasa uliza boti ni za nani. Karibu zote ni za wanaume. Kuvua ni kazi ya wanaume. Kununua, kuanika, kukaanga na kuuza ni kazi ya wanawake. Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa kuanzia Dunga hadi Usenge, Mbita na visiwa vya huko mbele. Kila asubuhi upande mmoja una samaki na upande wa pili una mabeseni, na mabeseni ni mengi kuliko samaki.

Uchache huo haukuanguka kutoka mbinguni. Kenya ina asilimia 6 pekee ya Ziwa Victoria, kwa hivyo tunabanana. Mbuta, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alileta pesa nyingi miaka ya 1980 na 1990 viwanda vilipofunguliwa kumkata na kumsafirisha nje. Minofu ikaenda Ulaya, mifupa ikaenda Obunga. Kama umewahi kula mgongo wazi unajua ninachosema: tulibaki na kichwa na uti wa mgongo wa samaki wetu wenyewe, na akina mama wa Obunga wakageuza hiyo mifupa kuwa riziki. Baadaye mbuta mwenyewe akaanza kupungua. Magugu maji nayo yanaziba Ghuba ya Kisumu msimu baada ya msimu. Halafu kuna samaki wa barafu kutoka China, ambaye bei yake humfanya ngege wetu aonekane kama anasa. Ukijumlisha yote, anayeshika samaki halisi mkononi anakuwa mfalme mdogo.

Na gharama yake inaonekana hospitalini. Utafiti wa kitaifa wa 2018 kuhusu virusi vya Ukimwi, ule wa KENPHIA, ulipata kiwango cha Kenya nzima kwa watu wazima kuwa asilimia 4.9. Kisumu ilikuwa 17.5. Homa Bay 19.6. Siyo jaboya pekee iliyoleta nambari hizo, lakini ukizichora kwenye ramani zinafuata ufuo.

Basi turudi kwa yule msee wa kijiti. Hajui, lakini ameketi kwenye mabega ya wazungu waliokufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kuna kipindi Ulaya kinachoitwa Zama za Mwangaza, hasa karne ya 18, ambapo waandishi walianza kuuliza maswali ambayo wafalme na maaskofu hawakuyapenda. Kabla yao, ukiuliza kwa nini fulani anakutawala, jibu lilikuwa: Mungu amempa. John Locke, Mwingereza aliyeishi mwanzoni mwa safari hiyo, alichapisha mwaka 1689 hoja kwamba watu huzaliwa huru na hakuna mwenye haki ya kuwatawala bila wao kukubali. Ikiwa unaona hilo ni jambo la kawaida, ni kwa sababu limeshinda. Liko hata kwenye Katiba yetu ya 2010, kifungu cha kwanza kabisa: mamlaka yote ni ya wananchi. Vijana walioingia barabarani Juni 2024, hapa Kisumu na kwingineko, walikuwa wanatembea na Locke mfukoni wengi wao bila kumjua jina.

Kwa hivyo kukubali ni kitu kikubwa. Mimi siwezi kukicheka. Msichana wa Nyalenda anayemkatalia mzee anayetaka kumwoa kwa nguvu anakihitaji. Raia anayekataa ushuru aliopangiwa bila kuulizwa anakihitaji. Shida inaanza pale tunapodhani kwamba ukishasikia "ndiyo" kazi imeisha, faili ifungwe.

Aliyeona shida hiyo mapema alikuwa Mskoti mnene mcheshi anayeitwa David Hume, na aliieleza kwa mfano wa chombo cha majini. Naapa, kama angekuwa amekulia Dunga asingechagua mfano bora zaidi. Mwaka 1748 Hume aliandika insha akiwajibu wale waliokuwa wakisema kwamba ukibaki ndani ya nchi basi umeikubali serikali yake, kwa sababu ungeweza kuondoka. Akauliza: maskini anayeishi kwa ujira wa siku moja moja, asiyejua lugha ya nchi nyingine, anaweza kuondoka kwenda wapi? Kisha akatoa mfano. Chukulia mtu amebebwa akiwa usingizini akawekwa ndani ya meli. Anaamka, meli iko katikati ya bahari. Nahodha anamwambia, mbona unalalamika, hujafungwa kamba, ukitaka kutoka toka. Na kweli hajafungwa. Kutoka ni kuruka majini afe. Je, kwa kubaki ndani amekubali amri za nahodha?

Soma hiyo tena ukimfikiria mama aliyezaliwa kijiji cha ufuoni, akaolewa ufuoni, akafiwa na mume akiwa na watoto watatu, na kazi pekee anayoijua, ambayo mama yake na nyanya yake walifanya, ni kuanika omena. Hakuchagua boti. Aliamka akajikuta ndani yake. Anaposema "ndiyo" kwa mvuvi, kweli hakuna aliyemshika mkono. Lakini "hapana" yake ilikuwa na nini nyuma yake? Maji tu.

Yule msee hakuuliza swali hili. Yeye aliuliza kama walikubaliana. Alipaswa kuuliza kama mmoja wao angeweza kukataa na bado ale kesho.

Utaniambia, lakini hiyo ni biashara, na kila biashara ina mwenye haraka na asiye na haraka. Ndiyo maana namtaja Adam Smith hapa, kwa sababu watu wanaopenda kusema "ni soko tu" hupenda kumtumia bila kumsoma. Kitabu chake cha 1776 kinajulikana kwa ile hoja kwamba muuza nyama na mwoka mikate hawakulishi kwa huruma, wanakulisha kwa sababu wanajitafutia faida. Sawa. Nenda Kibuye Jumapili uone, hakuna anayekuuzia nyanya kwa upendo. Lakini Smith huyo huyo, ndani ya kitabu hicho hicho, alitazama mwajiri na kibarua wakibishana kuhusu mshahara, akasema ukweli ambao wahubiri wa soko huria huruka kurasa zake. Mwajiri anaweza kukaa mwaka mzima bila kuajiri, akila akiba yake. Vibarua wengi hawawezi kumaliza wiki bila kazi. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, lakini mmoja ana uwezo wa kungoja na mwingine hana. Na asiyeweza kungoja ndiye anayekubali.

Mvuvi naye utasema hawezi kungoja, samaki wataoza. Kweli. Lakini hahitaji kungoja. Mama huyu akikataa, nyuma yake kuna mabeseni mengine kumi. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama, wazee walisema, na hapa kisu ni idadi ya wanawake waliosimama kwenye mchanga.

Nisiwaonee wavuvi. Wengi wa mabaharia ni vijana wa rika langu na lako, boti si yao, nyavu si zao, wanagawana kilichobaki baada ya mwenye boti kutoa mafuta na fungu lake. Wanalala ziwani bila jaketi la kuokoa maisha, upepo ukigeuka ni maombi. Mtu wa namna hiyo akifika ufuoni na kugundua kuna mahali pamoja tu duniani ambapo yeye ndiye bosi, atautumia ubosi wake. Sisemi ni sawa. Nasema mfumo unamkuta mtu mnyonge, unampa mnyonge zaidi wa kumkalia. Na pia kuna wanawake ambao wao ndio huanza, wanamtafuta mvuvi, wanampikia, wanamfulia, wanaweka uhusiano ili samaki wasikose. Ukiwaambia ni wahasiriwa watakucheka usoni. Wanajiona wafanyabiashara wajanja, na ujanja wanao. Lakini nahodha wa Hume pia angeweza kupata abiria mjanja aliyejifunza kumfurahisha apewe chakula kizuri. Bado chombo si chake.

Basi ubaya wenyewe uko wapi hasa? Hapa ndipo huwa wanamleta Immanuel Kant. Huyu alizaliwa 1724 katika mji wa bandari unaoitwa Königsberg, leo ni Kaliningrad ya Urusi, na karibu hakuutoka maisha yake yote. Mji wa meli na bidhaa, kama Kisumu ya enzi ile reli ilipokutana na ziwa. Labda kuona kila kitu kikipimwa na kuuzwa ndiko kulikomfanya afikirie hivyo, labda sivyo. Katika kitabu chake cha 1785 aliweka mstari. Kuna vitu vyenye bei, na chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine cha thamani hiyo hiyo. Halafu kuna kilicho juu ya kila bei, kisichobadilishwa na chochote, na hicho ni mtu. Kwa hivyo usimtumie mtu kama kifaa tu cha kufikia unachotaka. Neno "tu" ndilo linalobeba uzito. Ninapopanda boda namtumia jamaa anifikishe Nyamasaria, lakini namlipa tulichopatana na akikataa safari naheshimu. Ninapomwona kama pikipiki yenye miguu ndipo nimevuka mstari.

Kiswahili kina neno la hicho alichokuwa akitafuta Kant, na ni fupi kuliko la Kijerumani: utu. Katiba yetu nayo, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana hadhi yake ya kuzaliwa nayo na ana haki ya kuheshimiwa na kulindwa. Haisemi kila mtu mwenye boti.

Lakini sitamwachia Kant huyu meza nzima. Kwanza, huyu mwalimu wa hadhi ya binadamu aliandika mwaka 1764 kwamba mtu fulani kuwa mweusi tititi kulikuwa ushahidi tosha kuwa alichosema ni upuuzi. Katika kurasa hizo hizo alimtaja Hume, rafiki yetu wa meli, ambaye naye aliandika kwamba watu weusi ni wa daraja la chini. Na Locke wa "hakuna kutawaliwa bila kukubali" aliweka pesa zake katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika. Kuna wasomi wanaotaka tuwatupe wote kwa sababu hiyo, na kuna wanaotaka tufunike. Mimi naona tufanye kama akina mama wa Obunga na mgongo wazi. Walioanza walikula minofu wakadhani wamemaliza samaki. Sisi tunachukua kilichobaki na tunakikaanga kwa mafuta yetu. Hoja ikishaandikwa kwamba mtu hana bei, aliyeiandika hawezi tena kuchagua itamhusu nani.

Pili, na hili ndilo linanikera zaidi, Kant alipofika kwenye suala la ngono kwa malipo alimgeukia anayejiuza. Alifundisha kwamba mtu wa namna hiyo amejigeuza kitu. Unaona mkono wa lawama umekwenda wapi? Kwa mama mwenye beseni. Mahubiri ya Jumapili huku kwetu hufanya vile vile: yanaanza na hadhi ya mwanamke na kuishia kumtukana mwanamke. Niliacha chuo mwaka wa pili, sikuwahi kufika kwenye darasa la falsafa, haya yote nimeyasoma kwa simu usiku bando zikiwa bei nafuu, kwa hivyo maprofesa wanaweza kunirekebisha. Lakini nikichagua wa kukaa naye ufuoni asubuhi, si Kant.

Ningekaa na Mary Wollstonecraft. Mwingereza, baba mlevi aliyemaliza mali ya familia, akajitegemea tangu ujana: aliwahi kuwa mwandani wa mama tajiri, akafungua shule, akafunza watoto wa kabaila, mwishowe akaishi kwa kalamu. Wakati huo mwanamume aliyekuwa anasifiwa kote kwa kutetea uhuru ni Jean-Jacques Rousseau. Na Rousseau huyo, katika kitabu chake cha siasa cha 1762, ana wazo ambalo ningelichora kwa rangi kwenye kila banda la samaki: katika jamii huru hapafai kuwa na mtu tajiri kiasi cha kuweza kumnunua mwenzake, wala maskini kiasi cha kulazimika kujiuza. Kali sana, sivyo? Haya, mwaka huo huo alitoa kitabu kingine kuhusu malezi, akasema mwanamke aliumbwa ampendeze mwanamume. Kwa Rousseau uhuru ulikuwa wa wanaume.

Wollstonecraft alimjibu mwaka 1792, na jibu lake halikuwa kilio. Alisema, kwa maneno yangu: mnalalamika wanawake ni wajanja wa kutumia uzuri wao, lakini mmewaachia silaha gani nyingine? Mtu ambaye chakula chake kinategemea kumfurahisha mwingine atajifunza kufurahisha. Mkitaka awe na tabia njema mpeni njia ya kujipatia mkate wake mwenyewe. Hata ndoa za matajiri wa Uingereza wa siku zile, mwanamke akiolewa ili apate kulishwa, aliziweka kapu moja na ukahaba, tofauti ikiwa ni cheti. Wakamtukana kwa miaka mingi. Alifariki 1797 akiwa na miaka 38, siku chache baada ya kujifungua.

Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, wanawake wa Nduru Beach, upande wa Nyando hapa Kisumu, walifanya hicho hicho bila kumnukuu mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walianzisha kundi wakaliita No Sex for Fish, jina lisilohitaji maelezo. Wakisaidiwa na wafadhili na watu wa kujitolea kutoka Marekani, wakapata boti zao wenyewe. Wakaajiri wanaume wavue. Ebu ona jinsi hesabu inavyogeuka. Mwanamume yule yule, nyavu zile zile, ziwa lile lile. Lakini sasa boti ikirudi, samaki ni wa mama, na aliye ndani ya boti anangoja alipwe. Hakuna aliyehubiriwa kuhusu hadhi. Hati ya boti ilibadilisha jina, basi.

Ningependa kukuambia walifaulu, tupige makofi twende. Boti za mbao zilichakaa na kuzirekebisha ni ghali. Kisha ikaja 2020. Mvua zilijaza Ziwa Victoria hadi kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa, na maji yakaingia Nduru, nyumba zikamezwa, watu wakahama. Waliokuwa wamefika kwenye umiliki wakarudi kwenye kungojea hisani. Hapo ndipo naona somo hili si la maadili ya mtu binafsi kabisa. Unaweza kuwa na msimamo wa chuma, lakini msimamo wako unaelea juu ya mbao, na mbao zikioza unarudi kwenye foleni.

Kwa hivyo tuongee siasa, siyo tabia. Kila ufuo una BMU, kamati ya kusimamia ufuo. Ndiyo serikali ya pale. Inasajili boti, inaamua mambo ya usafi, ulinzi, ugomvi. Mwongozo uliotumika kuziunda kandokando ya ziwa uligawa viti vya kamati hivi: wenye boti asilimia 30, mabaharia asilimia 30, wachuuzi wa samaki asilimia 10, waliobaki ni wadau wengine kama watengeneza nyavu na boti. Ukaongeza kwamba wanawake wasipungue watatu. Tulia hapo kwenye hiyo 10. Wenye boti na mabaharia, yaani upande wenye samaki, wana 60. Upande wenye mabeseni, ambao bila wao samaki wote wangeozea mchangani, una fungu moja kati ya kumi. Locke alisema sheria inakufunga kwa sababu ulikubali kupitia wawakilishi wako. Basi nani alimwakilisha mama wa omena siku ilipoamuliwa kwamba hakuna bei ya wazi, hakuna mizani, hakuna orodha ya aliyefika kwanza?

Mambo haya matatu yanachosha kuyasikia, najua, hayafai hata kuwekwa kwenye bango la maandamano. Mizani, bei iliyoandikwa ukutani, foleni yenye nambari. Lakini jaboya inaishi kwenye giza la "tutaelewana". Anayeamua ni nani apewe leo anaamua kwa jicho tu, na jicho hilo ndilo linalouzwa. Ongeza barafu na mashine za kukaushia, na yale masaa matatu ya jua hayana tena makali: anayeweza kuhifadhi anaweza kungoja, na Smith ameshatuambia anayeweza kungoja ana nguvu ya kukataa. Vizimba vya kufugia samaki vinaongezeka ziwani, na samaki wa kizimba huuzwa kwa kilo. Ila vizimba navyo vinataka mtaji, na tusipoangalia tutahamisha boti kutoka kwa mwanamume wa kijijini hadi kwa mwekezaji wa mjini, huku mama akibaki na beseni lake.

Jirani zetu Tanzania wana msemo ambao sisi Kenya tumechelewa kuuchukua: rushwa ya ngono. Sheria yao ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo. Napenda jina hilo kwa sababu linaondoa macho kitandani na kuyaweka kwenye mamlaka. Rushwa ni pale mwenye kitu cha kugawa anapodai chake kabla ya kugawa. Hatuulizi aliyetoa hongo kwa polisi wa barabarani kama "walikubaliana." Kila mtu anajua walikubaliana. Ndiyo maana ni hongo.

Na usidhani haya ni ya huko ufuoni, wewe uko zako Milimani ama Mamboleo unasoma kwa simu. Unamjua msichana aliyeambiwa nafasi ya kazi ipo lakini kwanza tupate chakula cha jioni. Unaijua stori ya landilodi anayevumilia kodi iliyochelewa ya mpangaji mmoja na siyo wa mwingine. Tunawacheka wenye sponsa, tunawatengenezea memu, na tukibanwa tunasema lile lile: si walikubaliana? Wengine kweli walikubaliana, wana kazi zao, wanaweza kuondoka kesho na hawatalala njaa. Hao wachague wanachotaka, si kazi yangu. Mimi nazungumzia yule ambaye "hapana" yake ina bei kubwa kuliko anavyoweza kulipa.

Omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili zizaane. Miezi hiyo minne wengi wa akina mama hawa hawana kipato cha kueleweka, wanakopa, na Agosti ikifika wanarudi ufuoni wakiwa na deni. Ndiyo wiki ambazo kukataa ni ghali zaidi mwaka mzima. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, siku kumi hivi baada ya boti za omena kurudi majini. Wagombea watafika na fulana, na boti za kampeni zenye bendera. Ukibahatika kuwa karibu na maikrofoni, usiulize wana msimamo gani kuhusu maadili, watakujibu kwa Biblia. Waulize katika wadi yao boti ngapi zimesajiliwa kwa jina la mwanamke. Wakikosa nambari, waulize mizani ya ufuo iko wapi.